Barua ya wazi kwa Mbunge wetu: Shilingi ile uliirudisha mapema

Mheshimiwa Mbunge,

Salaam, na pole na kazi za Bunge la Bajeti. Kwa umri wewe ni mdogo wangu, lakini kwa dhamana tuliyokupa ni mkubwa wangu, na nakuandikia kwa heshima hiyo. Ningependa kukuona uso kwa uso. Nimefika ofisi yako ya jimbo mara tatu, na mara zote tatu nimeandikwa jina kwenye daftari la wageni. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Yah: MADENI YA WAZABUNI NA SHILINGI YA MSHAHARA WA WAZIRI

Juzi jioni niliangalia Bunge nikiwa kwa jirani. Kwangu hakuna televisheni tena. Ilibebwa asubuhi ya siku ileile, pamoja na friji ya dukani, mizani, na magunia kumi na moja ya maharage yaliyokuwa stoo. Dalali alikuja na karatasi zake zote, akiwa na mjumbe wa nyumba kumi. Simlaumu. Mkopo ni wangu na saini ni yangu.

Ilipofika kupitisha mafungu ya bajeti ya Wizara ya Fedha, ukasimama. Ukasema usiporidhishwa na maelezo kuhusu madeni ya wazabuni wa chakula, utashika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani utatoa hoja mshahara wake upunguzwe shilingi moja ili jambo hilo lijadiliwe. Mheshimiwa, pale sebuleni tulipiga makofi. Mwenye nyumba akanishika bega akasema, "Haya mama, umesikika." Waziri akajibu kwamba madeni yanaendelea kuhakikiwa na yatalipwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Ukaulizwa kama umeridhika. Ukasema una imani na Waziri, na kwa hiyo unairudisha shilingi. Fungu likapita, wakahamia linalofuata.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na usiku ule sikulala.

Acha nikueleze deni lenyewe, maana nahisi ulisimama bila kulijua kwa undani. Nilipewa LPO, yaani hati ya serikali ya kuagiza mali, ya kupeleka mahindi, maharage, mchele na mafuta ya kula kwenye shule moja ya bweni ya serikali. Sitaitaja, wala sitaitaja ofisi iliyosaini, kwa sababu sitaki mwalimu yeyote aandikiwe barua ya kujieleza kwa ajili yangu. Mahindi niliyafuata mwenyewe Kibaigwa, nikalala kwenye lori juu ya magunia. Maharage yalitoka Mbeya. Nilipeleka muhula wa kwanza, nikapeleka wa pili, na wa tatu nikaombwa nivumilie kwa sababu watoto hawawezi kulala njaa. Nikavumilia. Nilikopa, nikaweka hati ya nyumba. Jumla yake ni shilingi milioni 38 na laki sita, na sasa unaingia mwaka wa tatu.

Nimehakikiwa mara tatu. Mara ya kwanza walikuja wakaguzi wa ndani wa hapahapa, wakachukua nakala. Mara ya pili walikuja wa mkoa, wakataka hati halisi za kupokelea mali. Nikazitoa, zikakaa miezi, zikarudi zikiwa zimepungua moja. Mara ya tatu walikuja wengine kutoka mbali zaidi. Kijana mmoja mpole akaniuliza kama nina ushahidi kwamba watoto walikula. Nikamwambia baadhi yao wameshamaliza kidato cha nne. Aliandika. Sijui aliandika nini.

Mimi sipingi uhakiki. Najua kuna watu wamewahi kuandika madai ya hewa, na fedha ya umma lazima ilindwe. Ninachouliza ni kwa nini hauna mwisho. Kodi yangu ya mapato nailipa kwa awamu nne kwa mwaka, kwa tarehe zinazojulikana, na nikichelewa natozwa riba. Sheria iko wazi na naiheshimu. Serikali ikichelewa kunilipa mimi, nani anaitoza riba? Wakandarasi wakubwa wa barabara wana mikataba yenye riba ya ucheleweshaji, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimeonyesha zaidi ya mara moja jinsi fedha zinavyopotea kwa kulipa riba hizo. Sisi wa magunia hatuna kipengele hicho. Nadhani ndiyo maana tunawekwa mwisho wa foleni, ingawa hilo ni wazo langu tu, sina karatasi ya kulithibitisha.

Mheshimiwa, nimesoma. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini Katiba imeandikwa kwa Kiswahili, na siku dalali alipoondoka sikuwa na kazi nyingine dukani. Ibara ya 63 inasema Bunge ndilo chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Ibara hiyohiyo inakupa haki ya kumuuliza Waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma, na kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti. Sheria ya Haki, Kinga na Madaraka ya Bunge inaziwezesha kamati zenu kuita mtu na kudai nyaraka. Mnaye CAG, anayewakagulia hesabu za Serikali kila mwaka. Mnayo Kamati ya Hesabu za Serikali, mnayo ya Serikali za Mitaa, mnayo Kamati ya Bajeti. Mimi nina daftari la mistari na simu ya tochi.

Na Wizara ya Fedha si wizara kama nyingine. Katibu Mkuu wake ndiye Mlipaji Mkuu wa Serikali. Mkaguzi Mkuu wa Ndani, ambaye watu wake huhakiki madeni, yuko chini ya wizara hiyohiyo. Na CAG akishatoa ripoti, maofisa masuhuli wa nchi nzima, yaani wakuu wa taasisi wanaowajibika kwa matumizi ya fedha, hupeleka majibu yao kwa Mlipaji Mkuu, naye huyakusanya na kuyapeleka kwa Waziri ili yaletwe kwenu. Kwa hiyo anayetoa fedha, anayehakiki deni na anayekusanya majibu ya kwa nini deni halijalipwa wote wako nyumba moja. Sisemi kuna mtu mbaya humo. Nasema aliye nje ya nyumba hiyo mwenye mamlaka ya kugonga mlango ni ninyi, na juzi ulipogonga uliambiwa kesho, ukashukuru, ukaondoka.

Nadhani tatizo linaanzia hapa. Bunge linaidhinisha makadirio, halafu fedha zinazotoka Hazina mwaka ukiendelea zinakuwa pungufu. Kamati zenu zimelalamikia jambo hilo miaka mingi. Shule haiwezi kufungwa kwa sababu fedha ya matumizi mengineyo haijaingia, kwa hiyo ofisi inaagiza kwa mdomo wa matumaini, na mwenye duka ndiye anakuwa Hazina. Miaka mitatu hii mimi nimekuwa Hazina, Mheshimiwa. Nimelisha watoto wa Serikali kwa mkopo wa nyumba ya marehemu mume wangu.

Liko deni ambalo halisubiri. Deni la Taifa lina fungu lake, Fungu 22, na Ibara ya 141 inasema linadhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Aliyetukopesha kutoka nje hahojiwi kama watoto walikula. Sina kinyongo na hilo, nchi lazima iheshimike. Lakini na mimi niliikopesha nchi. Bajeti ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, ya 2025/26 ikapanda hadi trilioni 56.49. Nikiziandika hizo namba kwenye daftari langu, milioni zangu 38 hazionekani hata ukikodoa macho. Mimi ndizo zilizonifilisi.

Usiniambie kwamba mbunge hana nguvu. Ninakumbuka Aprili 2012. Ripoti ya CAG iliposomwa, wabunge hawakurudisha shilingi. Walipitisha karatasi ya kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, saini zikavuka 70, wakiwemo wa chama tawala. Kura yenyewe haikupigwa. Lakini mwanzoni mwa Mei Rais Kikwete alipanga upya Baraza la Mawaziri, na Waziri wa Fedha alikuwa miongoni mwa walioachwa. Nilikuwa nauza maandazi wakati huo, na wateja walikuwa wanajadili hesabu za Serikali huku wanakunywa chai. Wengi wetu tulielewa siku zile kwamba kumbe ripoti ile ina kazi.

Labda mnaogopa. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, na kila mmoja wenu ana mkopo wake na watoto wake shuleni. Hofu ya kupoteza kila kitu naielewa kuliko unavyodhani. Lakini sikuombi ukatae bajeti. Sijawahi kukuomba hivyo.

Nakukumbusha siku ulipokuja sokoni kuomba kura. Ulisimama mbele ya duka langu, ukaweka mkono juu ya mizani yangu, ukasema, "Mama, nikifika Dodoma haki yako itapimwa hapa." Watu walishangilia na mimi nilikupa soda. Mizani hiyo sasa iko kwenye ghala la dalali, na itanadiwa mwezi huu.

Ombi langu ni moja. Bado majuma machache utaitwa kwa jina, mbunge mmoja mmoja, useme ndiyo au hapana kwa bajeti nzima. Kabla ya siku hiyo, dai karatasi. Orodha ya madeni ya wazabuni wa chakula wa shule za serikali: nani anadai, kiasi gani, tangu lini, deni limehakikiwa tarehe gani, na litalipwa mwezi gani. Iwekwe mezani bungeni, iandikwe kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, ili mwakani Waziri akisema tena uhakiki unaendelea, mumfungulie ukurasa. Hata kama jina langu litakuwa la mwisho na mwezi wangu ukawa wa mbali, nitaichukua karatasi hiyo nimpelekee aliyenikopesha, nimwombe anisubiri. Kwa sasa sina cha kumwonyesha. Nilimwonyesha video yako ukishika shilingi, akaniomba niangalie hadi mwisho.

Dai karatasi, Mheshimiwa. Ukinyimwa, simama tena na useme umenyimwa. Wenzako watakuunga mkono, kwa sababu kila jimbo lina mtu wa magunia kama mimi. Usiketi mpaka uipate.

Mwenye ghala amenipa hadi tarehe 28 ya mwezi huu kukomboa mizani. Namba yangu iko kwenye daftari la wageni ofisini kwako, kurasa tatu tofauti.

Wako katika kulijenga taifa,

Mzabuni wa chakula, jimboni kwako