Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: herufi na picha kabla ya vitufe

Dar es Salaam

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

YAH: UFUNDISHAJI WA HERUFI NA USAFISHAJI WA PICHA KATIKA MADARASA YA GRAFIKI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mwalimu wa usanifu wa grafiki jijini Dar es Salaam. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa walimu wenzangu, wachapaji na wazazi wanaolipa ada, na kwa sababu mkondo wa amali (mafunzo ya ufundi) katika shule za sekondari, uliowekwa na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, utatuletea vijana wengi zaidi. Ninachoomba ni kwamba mwanafunzi afundishwe kwanza kuzitazama herufi na picha, ndipo afundishwe programu, na kwamba apimwe kwa kazi iliyochapwa kwenye karatasi, si kwa kutaja majina ya vitufe.

Nilivyoona katika ufundishaji wangu, mara nyingi tunaanzia mwisho. Muhula wa kwanza huisha tukiwa bado tunaonyesha menyu za Photoshop, programu ya kuhariri picha, na kijana mwenye kumbukumbu nzuri hufaulu bila kuambiwa kwa nini bango lake halisomeki ukiwa ng'ambo ya barabara. Menyu hizo hazidumu. Photoshop ilipotoka mwaka 1990 haikuwa hata na matabaka (sehemu za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine ili kila moja ihaririwe peke yake), ambayo yalikuja mwaka 1994, na leo hakuna anayeweza kufanya kazi bila hayo. Kanuni za nafasi kati ya herufi na kati ya mistari, kwa upande mwingine, zilikuwapo tangu enzi za herufi za madini ya risasi zilizopangwa kwa mkono, na bado zinafanya kazi ileile.

Chukua jina la Barabara ya Kawawa. Mwambie mwanafunzi aliandike KAWAWA kwa herufi kubwa, kisha azitenganishe herufi zote kwa nafasi iliyo sawa kwa rula. Ataona mwenyewe kwamba kati ya A na W pana pengo, kwa sababu migongo ya herufi hizo imelala, ilhali herufi zenye nguzo za wima, kama N na I, zingeonekana zimebanana kwa nafasi hiyohiyo. Hapo ndipo anapoelewa kwamba kinachosawazishwa ni weupe unaoonwa na jicho. Zoezi hili linataka karatasi, mkasi na gundi tu, na linaweza kufanyika hata siku ambayo umeme umekatika.

Mfano mwingine ni kadi ya mchango wa harusi, ambayo kwa wahitimu wengi ndiyo kazi ya kwanza ya kulipwa. Dizaina huchagua fonti ya mwandiko wa mapambo, kisha akaandika majina ya maharusi yote kwa herufi kubwa, zikageuka fundo la mikia ambalo hata mama mzazi halisomi. Baya zaidi ni namba ya simu ya mweka hazina wa kamati ikiandikwa kwa fonti hiyohiyo, tarakimu kumi mfululizo bila nafasi, huku 1 na 7 zikifanana. Mchango ukienda kwa mtu mwingine, hakuna atakayesema kosa ni la fonti.

Kiswahili chenyewe kinataka kufundishwa kama maandishi yanayopangwa. Maneno yetu ni marefu. Neno kama "watakapokutanishwa" likiingia kwenye safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili, linaacha mashimo meupe mstari mzima. Programu ikiwa imewekwa kwenye Kiingereza hulikata neno hilo kwa kanuni za Kiingereza, wakati silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu na mtoto wa darasa la tatu anaweza kuonyesha pa kukatia. Sioni sababu ya mwanafunzi wa hapa kufanyia mazoezi maandishi ya Kilatini yasiyo na maana, yale ya kujazia nafasi tu.

Upande wa picha ndio unaonisumbua zaidi. Filamu za rangi za zamani zilisawazishwa kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikatoka bila undani. Tabia hiyo haikuisha filamu zilipoondoka. Wanafunzi wetu hujifunzia kwa picha za wageni zilizopakuliwa mtandaoni, kisha wanakutana na bibi harusi mweusi mwenye shela jeupe, amepigwa picha saa saba mchana ufukweni. Wanachojua ni kung'arisha uso mpaka urudi na rangi isiyo yake na ngozi laini kama plastiki. Mimi hufundisha kwamba chunusi itakayopona baada ya wiki mbili inaweza kuondolewa, lakini kovu, alama ya kuzaliwa na chale hubaki mpaka mwenyewe aombe, na kila marekebisho hufanywa kwenye tabaka lake ili picha ya asili isiguswe.

Picha hiyo ikienda kiwandani, kuna somo lingine ambalo kioo cha kompyuta hakiwezi kulitoa. Vivuli vya ngozi nyeusi hubeba wino mwingi wa rangi zote nne. Karatasi nzuri yenye mng'ao huweza kuhimili asilimia 300 hivi, ukijumlisha asilimia za wino wa rangi zote nne, lakini karatasi ya gazeti hunywa wino na hutakiwa ibaki karibu na 240, la sivyo uso unakuwa tope. (Wachapaji wa Kariakoo wanalijua hili kuliko walimu wengi.)

Kuna pia suala la uaminifu. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilisogeza mapiramidi ya Giza yakaribiane ili yatoshe kwenye jalada lake, na lawama zake zinakumbukwa hadi leo. Kijana anayejua kuhamisha piramidi anajua pia kubadili jina kwenye cheti, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusia kughushi kwa kompyuta. Afundishwe mpaka huo siku ileile anayofundishwa ufundi.

Kwa hiyo naomba wizara yako iagize kwamba katika mitaala ya fani hii herufi na mwanga vitangulie programu. Kwamba mtihani wa vitendo uwe kazi iliyochapwa na kukatwa, ikikaguliwa na mchapaji pamoja na mwalimu. Na kwamba GIMP, Inkscape na Scribus, ambazo ni programu za bure za picha, michoro na upangaji wa kurasa, zikubaliwe rasmi, ili mwanafunzi asiye na fedha za leseni asilazimike kutumia nakala za wizi nyumbani. Gharama kubwa itakuwa karatasi na wino, na mafungu ya vyuo yatalazimika kuzihesabu.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa grafiki, Dar es Salaam