Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka wa Kuanza na Mbinu

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu kila mwaka aeleze chama kimefanya nini. Hesabu atazisoma mhazini, na mahudhurio yamo kwenye kabrasha la katibu. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe iliyotukutanisha: kusoma makala za utafiti wa saikolojia, kuziwasilisha na kuzijadili. Mwaka huu tulibadili utaratibu wa kusoma, na kwa maoni yangu hatujawahi kufanya jambo kubwa kuliko hilo.

Ukiyasikia, mabadiliko yenyewe ni madogo. Zamani mwasilishaji alianza na muhtasari, akajivuta kwenye utangulizi, akafika kwenye matokeo muda umekwisha, kisha akatusomea hitimisho la waandishi kana kwamba ni lake. Sehemu ya mbinu ilirukwa kwa sababu ina maneno magumu na haina hadithi. Sasa ndiyo tunayoanza nayo. Nani walichunguzwa, walipatikanaje, walifanyiwa nini, walilinganishwa na nani, kipimo kilikuwa kipi? Kisha tunafungua jedwali la matokeo. Kila mjumbe anaandika kwenye karatasi kile anachodhani kinaweza kusemwa kutokana na hayo, ndipo tunasoma waandishi wamesema nini. Mara nyingi tunakubaliana nao. Tusipokubaliana, hakuna anayeangalia saa.

Kikao kilichonipa moyo kuliko vyote kilikuwa cha makala ya Dixon Chibanda na wenzake, iliyotoka mwaka 2016 katika jarida la JAMA, kuhusu benchi za urafiki za Harare. Habari yake wengi mlikuwa nayo: wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao wanawake wa umri wa bibi zetu, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi katika eneo la kliniki na kumsaidia kulikabili tatizo lake hatua kwa hatua. Ni habari tamu, na kila mtu aliingia kikaoni akiwa ameshaipenda. Mwasilishaji wetu, muuguzi wa kliniki ya wajawazito, hakumtaja bibi hata mmoja kwa dakika za mwanzo. Alichora ubaoni visanduku 24 akasema, "Hizi ni kliniki. Kura ilipigwa kwa kliniki, haikupigwa kwa mgonjwa."

Yaani bahati nasibu ndiyo iliyoamua kliniki ipi ipate benchi na ipi iwe ya kulinganisha. Tulikaa hapo muda mrefu. Kwa nini wasipige kura mgonjwa kwa mgonjwa? Kwa sababu wagonjwa wa kliniki moja wanakaa foleni moja na wanasimuliana; aliyepata benchi atamweleza asiyepata, na makundi mawili yataingiliana. Lakini kupiga kura kwa kliniki kuna gharama yake: watu wa kliniki moja wanafanana kwa mengi, hivyo washiriki 573 hawabebi taarifa sawa na watu 573 waliookotwa mmoja mmoja kutoka kila kona ya mji. Mchanganuzi wa takwimu lazima alizingatie hilo. Sijawahi kuona chumba chetu kikilielewa jambo la namna hii bila kufungua kitabu.

Ndipo zikaja namba. Kipimo kilikuwa dodoso la Kishona lenye maswali 14, na ili uingie kwenye utafiti ulihitaji alama 9 au zaidi. Baada ya miezi sita wastani wa kundi la benchi ulikuwa 3.81, na wa kundi linganishi 8.90. Fundi cherehani wetu, ambaye hajawahi kusoma saikolojia darasani, ndiye aliyeona kwamba kundi linganishi lilikuwa bado limesimama pale pale kwenye mstari wa kuingilia, ingawa nalo lilipata huduma ya kawaida pamoja na elimu na msaada. Mwingine akatuonyesha kwamba wanawake walikuwa 495 kati ya wale 573, akauliza: je, kaka zetu tuwaambie nini? Mwasilishaji akajibu kwamba kwa makala hii peke yake hatuwezi kuwaambia mengi. Ningependa kusikia jibu la namna hiyo mara nyingi zaidi.

Kikao cha pipi kilikuwa na joto la aina nyingine. Walimu wengi humu ndani wamewahi kuwasimulia wazazi jaribio la Walter Mischel wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani: mtoto anaachwa na pipi laini, akiweza kuvumilia anapewa mbili. Makala ya mwaka 1990 ilidai kwamba waliovumilia walifanya vizuri zaidi ujanani. Tukaiweka kando ya makala ya Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan ya mwaka 2018. Hao walitumia watoto zaidi ya 900, wakiwemo wengi ambao mama zao hawakumaliza chuo, tofauti na watoto wa shule ya awali ya Stanford. Uhusiano ulikuwepo, lakini ulikuwa kama nusu ya ule wa mwanzo. Walipozingatia hali ya familia, mazingira ya nyumbani na uwezo wa mtoto tangu akiwa mdogo, ukapungua kwa theluthi mbili.

Kisha mwasilishaji akaleta utafiti wa Bettina Lamm na wenzake, wa mwaka huohuo, uliolinganisha watoto wa miaka minne wa jamii ya Nso ya Kamerun na wa Ujerumani. Wa Nso waliwekewa puff-puff, ambayo ni ndugu wa kalimati. Takriban saba kati ya kumi walisubiri hadi mwisho, baadhi wakasinzia kabisa kwenye kiti. Wa Ujerumani waliosubiri hawakufika watatu kati ya kumi. Mjadala ukawaka: tunapima uvumilivu, au tunapima mtoto aliyelelewa kumtii mkubwa? Mwalimu mmoja akauliza kama mtoto ambaye nyumbani ahadi za watu wazima hazitimizwi hafanyi busara kula pipi aliyonayo. Hatukufikia muafaka, na katibu aliandika hivyo hivyo kwenye kumbukumbu.

Kuhusu uwasilishaji, slaidi tumezipunguza hadi karibu hakuna. Uamuzi huu uliwaudhi baadhi yenu, najua, na sijuti. Mtu akiwa na slaidi arobaini anasoma ukutani. Akiwa na karatasi moja yenye jedwali moja analazimika kuielewa. Mwasilishaji si wakili wa mwandishi, wala si mwendesha mashtaka. Kazi yake ni kutuwezesha kuona kilichofanyika. Swali ambalo nimeomba lisikosekane ni hili: kundi linganishi lilipata nini? Katika utafiti wa Tom Osborn na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu wanafunzi 413 wa sekondari wa Nairobi na Kiambu, kundi linganishi halikuachwa likae bure. Lilifundishwa stadi za kujisomea na vijana waliomaliza sekondari karibuni, kama vile kundi la pili, lililopata programu ya Shamiri iliyokuwa ikijaribiwa, lilivyoongozwa na vijana wa rika hilo. Kwa hiyo dalili za sonona zilipopungua zaidi kwenye kundi la Shamiri, huwezi kusema haraka kwamba ni kwa sababu tu walipata mtu wa kukaa nao.

Thamani ya p, ile namba ya takwimu inayoambatana na matokeo, bado inatusumbua. Naomba tuache kabisa kusema kwamba p ya 0.03 maana yake kuna uwezekano wa asilimia 97 kwamba mtafiti yuko sahihi. Inasema tu kwamba, kama kweli hakungekuwa na tofauti yoyote, matokeo ya ukubwa huo au zaidi yangejitokeza kama mara 3 katika majaribio 100. Haisemi tofauti ni kubwa kiasi gani, wala kama inamfaa mgonjwa. Tumewasikia hata wageni wenye shahada kubwa wakiteleza hapo.

Nikitaja wageni, mmoja aliyealikwa mwaka huu aliulizwa swali na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akamjibu, "Soma kwanza, ndipo uniulize." Swali lilihusu washiriki walioacha utafiti katikati, na lilikuwa swali zuri. Tangu siku ile tumeweka utaratibu kwamba wadogo wanaanza kusema na wenye vyeo wanamalizia. Wazee wawili walinifuata pembeni kulalamika kwamba tunafundisha vijana utovu wa adabu. Niliwasikiliza kwa heshima zote. Lakini mkubwa akishasema, wadogo wanakubaliana naye, na hapo hakuna mjadala tena. Kwa hiyo napendekeza utaratibu uendelee.

Upande wa pili tuna ugonjwa mpya: wajumbe waliojifunza kupiga kelele "sampuli ndogo!" kwa kila makala. Ndogo kwa kusudi gani? Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alipokuwa Uganda mwaka 1954 na 1955 alichunguza familia 26 tu, lakini alikwenda majumbani kwao kila baada ya wiki mbili hivi kwa miezi mingi, akiangalia mtoto anafanya nini mama akiinuka. Huwezi kutoa asilimia za Waganda wote kutokana na kazi hiyo, ila mawazo aliyoyaokota pale yameongoza utafiti wa uhusiano wa mama na mtoto hadi leo. Kulaumu bila kusoma hakuna tofauti na kusifu bila kusoma.

Mengineyo kwa kifupi. Ada zinachelewa, mhazini atataja kiasi ila hatataja majina. Makala zinazouzwa kwa dola tunaendelea kuziomba kwa waandishi wenyewe kwa baruapepe, na wengi wanajibu kwa ukarimu. Tafadhali msisambaze kwenye makundi ya WhatsApp nakala walizotupa kwa matumizi ya kikao.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta mapendekezo mawili ya kupigiwa kura leo. La kwanza, angalau nusu ya makala zetu zitoke kwenye tafiti zilizofanyika Afrika. La pili, kila robo mwaka tusome jozi: utafiti wa awali na ule ulioujaribu upya. Sababu mnaijua tangu tuliposoma mradi wa mwaka 2015 uliorudia tafiti 100 za saikolojia: asilimia 97 ya zile za awali zilidai matokeo yenye maana kitakwimu, lakini ziliporudiwa zikabaki asilimia 36.

Kikao cha kwanza kitasoma kazi ya Robert Serpell ya mwaka 1979. Watoto wa Zambia waliwashinda wa Uingereza kutengeneza maumbo kwa waya, wakashindwa kwa penseli na karatasi, na kwa udongo wakatoka sare. Mwasilishaji bado hajapatikana. Anayeitaka kazi hiyo amwone katibu kabla hatujafunga mkutano, na waya ataleta mwenyewe.