Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Spiriti ya Molasi Ndani ya Ferguson TE20

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mambo ya ada yako kwa katibu. Mimi nitakaa kwenye kazi iliyoishika karakana yetu mwaka huu: kuendesha trekta la Ferguson TE20 kwa spiriti ya molasi (alkoholi) tunayokeneka wenyewe, yaani tunayoitenga kwa kuchemsha na kupoza mvuke wake.

Kwanza, si kila Ferguson inafaa. TEF20 ni ya dizeli na spiriti haiwaki kwa kubanwa tu. Mwenye nayo asijaribu. TEA20 ya petroli inafaa. Inayofaa kuliko zote ni TED20 ya mafuta ya taa, iliyotoka mwaka 1949. Tangi lake lina chumba kidogo cha petroli na koki ya kubadilisha, na manifoldi yake, yaani bomba linalopeleka hewa na mafuta kwenye injini, ilitengenezwa ili ipashe mafuta moto. Hilo ndilo tunalolihitaji, maana spiriti hula joto jingi inapogeuka mvuke, na chini ya nyuzi 13 mvuke wake hautoshi kushika moto. Washa kwa petroli, injini ipate joto, ndipo ufungue spiriti. Jioni rudisha koki kwenye petroli dakika tano kabla ya kuzima, kabureta, inayochanganya mafuta na hewa, ilale na petroli.

Jeti, kipande chenye tundu la kupimia mafuta ndani ya kabureta, ndiyo iliyowasumbua wengi. Kilo moja ya petroli inataka hewa kilo 14.7, kilo ya spiriti inataka 9 tu. Ukiacha jeti ya petroli, injini inapata mafuta pungufu: inapiga chafya kwenye kabureta, plagi zinatoka nyeupe kama chokaa, na mwisho valvu za ekzosi zinaungua. Eneo la tundu liongezeke kwa karibu 60%, yaani kipenyo kizidi kwa robo: jeti ya milimita 1.00 inaishia 1.25. Anzia 1.20, panda kwa 0.05, na usome plagi baada ya kulima na plau ardhini, maana injini isiyo na mzigo hudanganya. Toboa jeti ya akiba. Ile ya asili iwekwe. Taiming, yaani wakati wa cheche ya plagi, isogezwe mbele nyuzi 4, kisha uongeze kidogo kidogo kwa kusikiliza. Matumizi yatapanda, hakuna namna: lita ya spiriti ina megajuli 21, ya petroli 32. Kazi ya lita 10 za petroli itakula 15 au 16.

Sasa maradhi yenyewe, ya kabureta kuliwa. Mwili wa kabureta ya Zenith ni aloi ya zinki. Ukifungua iliyougua, chini ya bakuli unakuta unga mweupe, laini kama wanga, na ukiinua jeti kwenye mwanga tundu limebaki kama la sindano. Wengi wanailaumu spiriti. Anayekula zinki ni asidi pamoja na maji, na asidi hiyo tunaitengeneza sisi wenyewe kwenye pipa. Molasi iliyokwisha kuchachuka ikikaa wazi, bakteria wanaigeuza kuwa siki, na sehemu ya siki hiyo hupanda na mvuke.

Kwa hiyo fuateni hivi. Molasi ndoo moja kwa maji ndoo tatu, hamira, joto la nyuzi 28 hadi 32. Ikipita 35 hamira inadhoofika. Pipa lifungwe, gesi itoke kwa mpira uliozamishwa ndani ya chupa ya maji. Mapovu yakikoma, kwa kawaida siku ya tatu au ya nne, keneka siku hiyo hiyo. Juu ya mnara wa mtambo wa kukenekea kipimajoto kisome nyuzi 78 kwa walio pwani. Kwa walio nyanda za juu, ondoa nyuzi moja kwa kila mita 300 hivi. Joto likianza kupanda, kinachofuata ni maji: badilisha chombo. Pimeni kwa haidromita, kifaa cha kupimia kiasi cha alkoholi, spiriti ikishapoa hadi nyuzi 20, maana ikiwa ya moto inasoma juu kuliko ukweli. Tunalenga 95%, chini ya 92 irudishwe mtamboni. Karatasi ya litimasi ya buluu, ya kupimia asidi, ikigeuka nyekundu, hiyo pia irudi.

Tangi la zamani lisafishwe kabla. Spiriti inabandua kutu na gundi ya petroli ya miaka mingi, na vyote vinakimbilia kwenye chujio. Matrekta mengine ya zamani yana boya la gome ndani ya kabureta, lililopakwa shelaki (aina ya vanishi). Spiriti inayeyusha shelaki, boya linazama, kabureta inafurika juu ya ekzosi ya moto. Wekeni boya la shaba. Na mchana moto wa spiriti hauonekani vizuri, hivyo ndoo ya maji ikae karibu kila mnapojaza.

Usimimine spiriti kidogo ndani ya petroli nyingi: maji yaliyomo yanajitenga na kukaa chini, na hayo ndiyo injini itakayoyanywa kwanza.

Naomba mkutano upitishe mambo mawili. Asiyekuwa na kibali cha kukeneka asikeneke kwa jina la chama. Na kila lita 100 zitiwe lita 5 za petroli pale pale mtamboni, mbele ya mashahidi wawili, kabla hazijatoka mlangoni, ili pasiwepo mtu wa kuzinywa wala wa kuziuza kwa kunywa.