Kwa dada yangu, kuhusu ule mguu juu ya stuli

Dada,

Sijapokea simu zako, nawe unadhani nimekasirikia vitu vya mama. Chukua vyote. Mimi nimekwama kwenye siku ya pili ya msiba, pale sebuleni.

Binti yangu alikuwa ameketi, mguu wa kushoto juu ya stuli. Ukamsimamia, wageni wote wakisikia: "Shusha mguu! Adabu gani hiyo?" Akaushusha. Na kwa kuwa wewe ni mama yake mkubwa, hakuuinua tena mpaka jioni.

Usiku nilipomvua soksi ya kubana, kigimbi kilikuwa kimejaa, cha zambarau, ngozi inang'aa. Mama ndiye aliyekuwa akimwekea mto, unakumbuka.

Nakueleza tena, maana hospitali hukufika hata siku moja. Si saratani, si mkosi, wala si kitu nilichokula nikiwa na mimba yake. Vena za mguu ule, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, ziliumbika vibaya tangu tumboni. Kuta zake zimelegea, damu inatuama badala ya kupanda. Akisimama zinajaa, akiinua mguu zinapungua. Stuli ile ni dawa, dada. Lile doa la samawati ulisema litapotea akikua. Limekua naye, na tangu abalehe limezidi. Damu iliyotuama huganda, mabonge mengine yakawa vijiwe vigumu chini ya ngozi, na hapo hata shuka likimgusa anaruka. Ameshachomwa mara tatu sindano ya kusinyaza vena, akiwa amelazwa usingizi. Humpunguzia maumivu. Kuzimaliza zote, hapana.

Basi usimkande tena kwa nguvu, hata kama ni kwa mapenzi, na najua ni mapenzi. Usimwambie avae suruali watu wasione. Muulize leo mguu umeamkaje. Ningekwambia haya palepale, ila ulikuwa umeubeba msiba mzima, wewe ndiye mkubwa wetu, kaburi la mama bado bichi. Ningekukatiza vipi mbele za watu? Nani angethubutu?

Usiku ule, mguu wake ukiwa mapajani mwangu, wewe hakukutaja. Aliuliza, "Mama, mbona ulinyamaza?"

Jumamosi tunakuja. Tuwekee kiti cha ziada, mbele yake.