Shukrani kwa mzee aliyetusaidia kwenye mchezo wetu

Mzee wetu, shikamoo. Hukutuachia jina wala namba ya simu, kwa hiyo tunakushukuru hapa hadharani, sisi vijana wa kikundi cha maigizo hapa Kigoma.

Tulikuwa kwenye mazoezi ya mchezo wa watu waliozama kwenye gongo, wanaokutana kila wiki kusaidiana kuacha. Ulisimama mlangoni ukatazama, kisha ukaomba kusema. Ukapanga viti duara. Ukamwondoa "mwenyekiti" wetu aliyekuwa akihubiri, ukasema pale kila mtu huzungumza habari zake mwenyewe, na anayetaka kunyamaza huachwa anyamaze. Ukatueleza kwamba utaratibu huo wa walevi kusaidiana bila kutajana majina kamili ulianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa watu wawili, mmoja wao daktari, wote wakiwa walevi.

Kubwa zaidi, ulikaa na kijana wetu ukamwonyesha mikono inavyotetemeka siku ya kwanza bila pombe, na jasho linavyomtoka mtu. Ukasisitiza kwamba mlevi wa miaka mingi asiache ghafla akiwa peke yake. Anaweza kuanguka na kutukutika kama mwenye kifafa, hata kufa, hivyo aanzie hospitali. Tuliiongeza sehemu hiyo. Tulipoonyesha Ujiji, dada mmoja alitufuata nyuma ya jukwaa kuuliza ampeleke wapi kaka yake.

Tutaurudia mchezo Mwandiga. Karibu sana, baba, hutalipa kiingilio.