Neema, usimpe huyo kishoka hela

Moshi, Jumapili jioni

Mpendwa Neema,

Habari za huko Arusha? Mama anaendelea vizuri, mguu umepungua uvimbe, na anakusalimu sana.

Nimesoma ujumbe wako kuhusu yule kijana, kishoka wa mitaani, anayesema atakuletea leseni ya udereva bila wewe kukanyaga chuo wala kuonana na trafiki. Tafadhali, usimpe hela. Najua gari umeshalilipia na una haraka ya kupeleka ndizi soko la Kilombero, ila nisikilize kwanza.

Nilikuwa na leseni miezi miwili tu. Asubuhi moja naenda Bomang'ombe, barabara nyeupe, nikajisahau. Mshale unasoma 60 mahali penye kibao cha 50. Mbele kuna zebra, kivuko cha watembea kwa miguu. Mtoto wa shule, fagio mkono huu, kidumu cha maji mkono ule, ameshakanyaga mstari wa kwanza. Nilikanyaga breki mpaka goti likatetemeka. Tairi la kushoto likasimama juu ya weupe wa zebra. Kidumu kilimponyoka, maji yakatiririka hadi chini ya gari. Akanitazama, akaokota kidumu chake kitupu, akavuka. Nilikaa pale na usukani mkononi, magari yananipigia honi nyuma, siwezi hata kutia gia.

Kwa kasi ya 60 gari linakula karibu mita 17 kila sekunde, Neema. Mimi nilikuwa nimefundishwa, na bado ilibaki hatua moja. Je, asiyefundishwa kabisa?

Na njia ya halali wala si ndefu. Unakata lena, yaani leseni ya kujifunzia, unabandika L mbele na nyuma, unajifunza na mwalimu pembeni. Ukimaliza chuo trafiki wanakutahini. Ukifaulu unakwenda TRA, mamlaka ya mapato, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Leseni ni shilingi 70,000 na unakaa nayo miaka 5.

Halafu angalia daraja la leseni. Kwa gari dogo la binafsi, D inatosha. Lakini nakujua una huruma: utakuta akina mama wamesimama Usa River na vikapu, utawapakia, watakupa nauli. Hapo umeshageuka dereva wa abiria, na abiria ni daraja C, lenye mafunzo yake. Usiingie huko na D.

Uliniuliza kwenye kipilefti, ule mzunguko wa barabara, nani anatangulia. Pale Mnara wa Saa hapa Moshi mwalimu alinizungusha mara sita mpaka nikaelewa: aliyeko ndani tayari ndiye mwenye haki, naye anakujia kutoka kulia kwako. Mpishe, kisha ingia. Vibao navyo vizoee kwa umbo: pembetatu nyekundu inakuonya, duara jekundu linakukataza. Mstari mweupe usiokatika katikati ya barabara, usilipite gari la mbele hata kama uko nyuma ya lori la saruji linalotambaa. Wanaochora mstari ule wameona kona au mlima ambao wewe huoni. Barabara yetu hii ya Arusha na Moshi imetuzikisha watu wengi mno, wewe mwenyewe unawajua.

Ukishapata lena nipigie. Jumamosi mimi sina kazi, nitakaa pembeni yako kutwa nzima. Vaa viatu vya chini vinavyoshika kisigino, ndala zinateleza kwenye klachi.

Nakupenda,
Anande