Injini ya gari la zamani haipakwi dizeli

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na wenye magari ya zamani wa Tabora na Kigoma, hasa wenye Land Rover za Series, Peugeot 504 na Datsun ambazo bado zinapiga kazi. Kuna jambo limezoeleka mno kwenye sehemu za kuoshea magari: boneti inafunguliwa, injini inapigwa maji ya presha ikiwa bado ya moto, kisha inapuliziwa dizeli ili ing'ae. Mwenye gari anafurahi, analipa, anaondoka. Kwa gari la mwaka 2010 madhara huchelewa kuonekana. La mwaka 1974 halina subira hiyo.

Dizeli haisafishi wala hailindi. Inaacha utando wa mafuta, na vumbi la njia za vijijini Sikonge na Urambo, jepesi kama unga wa muhogo, linanata hapo hapo. Mchezo huo ukirudiwa mwaka mzima, bloku, yaani mwili wa injini, inavaa gamba linalozuia joto kutoka. Mipira ya maji ya rejeta nayo inaumia. Mingi siku hizi ni ya mpira aina ya EPDM, ambao haupatani kabisa na mafuta ya namna hiyo: unavimba, unalainika, mwishowe unapasuka pale ulipobanwa na klipu. Baya kuliko yote, dizeli inaficha uvujaji. Injini iliyolowa yote haikuonyeshi kama mafuta yanatoka kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), kwenye pampu ya petroli au kwenye sili ya mbele ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Ukienda kununua gari la zamani ukakuta injini inameta kwa unyevu, omba ifutwe kwa kitambaa kikavu, kisha mzunguke nalo nusu saa na ufungue boneti tena. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Maji ya presha nayo yana kesi yake. Manifoldi ya ekzosi ni chuma cha kumimina, kikiwa cha moto kikapigwa maji baridi hupasuka. Maji yakiingia chini ya kifuniko cha distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, cheche zinatafuta njia ya mkato kwenye unyevu na uchafu, zinachora mstari mwembamba mweusi kama wa penseli ndani ya kifuniko, na kuanzia hapo gari litakohoa hata likikauka. Mstari huo haufutiki kwa msasa. Kifuniko kinabadilishwa.

Njia sahihi ni ndefu kidogo lakini haina ufundi wa ajabu. Hesabu siku mbili za kusafisha, na kama utapaka rangi, ongeza wiki nzima.

Kabla ya kushika spana, piga picha kwa simu kila upande, karibu na kwa mbali, hasa njia ya waya na mipira. Waya za plagi zifungie vipande vya tepu ya karatasi vyenye namba. Mpangilio wa uwashaji, yaani zamu ya kila silinda kupata cheche, wa Land Rover ya petroli ya silinda nne, Peugeot 504 na Datsun 1200 ni 1-3-4-2. Volkswagen Kobe ni 1-4-3-2, na hapo ndipo wengi hukosea kwa mazoea. Betri ifunguliwe kwanza upande wa arthi. Angalia waya upi umefungwa kwenye bodi, usiende kwa kukariri kwamba arthi ni hasi, kwa sababu magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 arthi yake ni chanya. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri na trei yake ni mabaki ya asidi. Koroga vijiko viwili vya magadi ya kupikia katika nusu lita ya maji, mwagia, acha povu litoke mpaka likome, kisha suuza. Hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, magadi yasiingie ndani.

Kuhusu spana, Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, bolti zake nyingi ni za inchi. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye kichwa cha nusu inchi, ambacho ni milimita 12.7, na ile nafasi ya milimita 0.3 inatosha kulainisha kona za bolti iliyoshika kutu. Kwa kichwa cha 9/16, yaani milimita 14.3, spana ya 14 haiingii na ya 15 inacheza. Tafuta seti ya inchi hata kwa kuazima. Bolti za manifoldi zipakwe mafuta ya kulegeza kutu jioni, zisubiri hadi asubuhi, kisha zifunguliwe kwa kwenda mbele na kurudi nyuma kidogo kidogo. Stadi (bolti isiyo na kichwa) ikikatikia kwenye silinda hedi, kazi ya nusu saa inageuka ya siku mbili.

Sasa usafi wenyewe. Usitumie petroli. Mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la mchana wa Tabora. Mafuta ya taa ni salama zaidi kwa sababu yanahitaji kufika kama nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake uwake, ila bado fanyia kazi mahali pa wazi, mbali na jiko na sigara, na mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe karibu. Kostiki soda, ile wanayopikia sabuni za mawese Kigoma, isiguse kabisa sehemu hii ya gari. Inakula aluminiamu na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Kabureta nyingi ni za aloi, na madigadi na boneti ya Land Rover ni aloi ya aluminiamu pia. Chuma kinachoshika kutu kiko kwenye ule ukuta unaotenga injini na dereva, na kwenye paneli inayobeba rejeta.

Anza injini ikiwa kavu. Kwangua gamba kwa kipande cha mbao kilichochongwa, usitumie bisibisi. Ziba mdomo wa kabureta, tundu la kijiti cha oili na pumulio la injini kwa mfuko wa plastiki na mpira wa kufungia. Distributa na alteneta vifunike vivyo hivyo. Lita tatu au nne za mafuta ya taa zinatosha: paka kwa brashi, acha robo saa, sugua, rudia penye ukaidi. Mabaki ya gasketi za zamani na vile vitambaa vya kuzuia joto kwenye ekzosi vinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo virowanishe kwanza, usivipulize kwa kompresa wala kuvisugua vikavu. Halafu sabuni ya unga kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, brashi, na kusuuza kwa maji ya mpira yasiyo na presha. Weka karai au turubai chini. Tope lile likitulia kwenye debe, mafuta ya taa ya juu yanatumika tena, na lililobaki lisimwagwe mtaroni. Mitaro ya Kigoma inaishia ziwani.

Waya zifutwe moja moja kwa kitambaa chenye sabuni. Thina inayeyusha ganda la waya. Ukibadilisha waya wa gari la Kiingereza, fuata rangi zake: nyeusi ni arthi, kahawia inatoka moja kwa moja kwenye betri, nyeupe ni swichi, kijani imepita kwenye fyuzi, bluu ni taa kubwa. Mtu akiweka waya mwekundu kila mahali kwa sababu ndio uliokuwepo dukani, fundi anayefuata atalaani.

Injini ikiwa safi ndipo unapoona mambo. Vile vifuniko duara vya bati vilivyogongewa ubavuni mwa bloku huliwa na kutu kutoka ndani. Ukikibonyeza kwa ncha ya bisibisi kikabonyea, kibadilishe sasa, kisije kutoboka ukiwa katikati ya pori. Gasketi ya koki ya tapeti kava ikivuja, usikaze nati zaidi, kwa sababu koki hukamuka nje na bati la kava hupinda. Chunguza pia vitundu na mipira ya pumulio, maana nyigu wanaojenga kwa tope wanapenda matundu ya namna hiyo kuliko mzinga wowote wa Tabora.

Rangi haina haraka. Kutu iondolewe kwa brashi ya waya, kisha msasa wa maji namba 80, 180 na 320. Msasa wa maji una sababu, kwani rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu. Chuma kipate praima ya kuzuia kutu. Aluminiamu inataka praima yake ya kung'ata, la sivyo rangi itatoka kama ganda la karanga. Nusu lita ya praima na lita moja ya rangi zinatosha sehemu ya injini ya Land Rover. Puliza tabaka jembamba mara tatu, dakika 15 kati ya moja na nyingine au kama kopo linavyoelekeza. Gereji zetu nyingi ziko chini ya miembe, na mwembe hauheshimu rangi mbichi, kwa hiyo tandaza turubai juu, mwagia maji chini kuua vumbi, na puliza alfajiri kabla ya upepo. Masika, rangi inayokauka haraka huvuta unyevu na kuwa na ukungu mweupe. Subiri jua.

Manifoldi ya ekzosi haitaki rangi ya kawaida. Ipate ile inayostahimili nyuzi 600, au iachwe hivyo hivyo. Mapezi ya rejeta yasipakwe rangi nzito. Namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku izibwe kwa tepu, kwani ikijaa rangi au ikisagwa na msasa utakuwa na maelezo mengi ya kutoa siku ya ukaguzi.

Kosa kubwa la warekebishaji wazuri ni kupaka rangi mahali pa arthi. Pale waya mnene wa arthi unapokutana na chasisi na injini, kwangua mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu. Arthi ya injini ikiwa mbovu, umeme wa stata unatafuta njia nyingine, na mara nyingi unapita kwenye kebo ya choki au ya eksileta. Kebo inapata moto mpaka ganda lake linayeyuka, na watu wanalaumu stata.

Mwisho ni kile chujio cha hewa cha oili. Bakuli lake lioshwe kwa mafuta ya taa, oili mpya ijazwe hadi alama, isizidi, la sivyo injini itainyonya. Kwenye vumbi letu, likague kila wiki. Tope likifika nusu ya bakuli, hakuna chujio tena.

Washa, acha ipate moto dakika 20, zima, na ikishapoa kaza klipu za mipira upya. Moshi kidogo wa rangi kwenye manifoldi ni kawaida, harufu ya plastiki siyo. Usiku huo tandika boksi safi chini ya injini. Asubuhi doa la kahawia ni oili, la kijani au lenye kutu ni maji ya rejeta, na lile lisilo na rangi linaloteleza vidoleni yawezekana ni mafuta ya breki au klachi, ambayo yakigusa rangi yako mpya yataibabua. Kifuate kila kidoa kuelekea juu mpaka sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Hapo ndipo pa kufungua.

Mafundi wa magari ya zamani,
Tabora